Nzi waning'iniaji wa magharibi mwa Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa tena kila mvua inaporudi, na wanafunzi, walimu wa bayolojia, wakulima na watu wengine waliomkuta mdudu wasiyemfahamu karibu na taa ya nje ya nyumba. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali lako. Ukiwa na nafasi, usipite jibu linalohusu mguu wala lile linalohusu dume na chakula chake, kwa maana mengine mengi yanatokana na hayo.

Nzi mning'iniaji ni mdudu gani hasa?

Ni mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia au ya manjano iliyofifia, mwenye mabawa manne marefu na miguu mirefu kupita kiasi. Mabawa yakikunjuliwa, upana wake kutoka ncha hadi ncha kwa kawaida ni sentimita tatu hadi tano. Hujishikiza chini ya jani au kwenye bua la nyasi kwa miguu ya mbele, mwili ukining'inia na miguu ya nyuma ikiwa huru hewani. Ukimkuta hivyo usidhani amelala. Yuko kazini, anasubiri windo.

Wanasayansi wanamweka katika familia ya Bittacidae, ndani ya oda ya Mecoptera. Tunamwita nzi kwa urahisi wa mazungumzo tu, maana nzi wa kweli, pamoja na mbu na mbung'o, wana mabawa mawili.

Anauma? Ana sumu?

La. Hana mwiba, hanyonyi damu ya mtu wala ya mnyama, na haambukizi ugonjwa wowote. Ukimshika mkononi, wa kuumia ni yeye.

Nitamtofautishaje na mbu, au na yule "mbu mkubwa" anayeingia nyumbani wakati wa mvua?

Hapa wengi huchanganyikiwa, na si ajabu. Kuanzia Kisumu hadi Kitale, mvua ikishika, huingia nyumbani mdudu wa miguu mirefu anayegongagonga dari na kuishia ndani ya beseni la maji. Watu humwita mbu dume au mbu mkubwa, kisha ndara inashuka. Yule ni tipula, ndugu wa mbali wa mbu, ambaye akishakomaa hana neno na mtu. Mning'iniaji anafanana naye kwa mbali, lakini ukisogea utaona tofauti.

Anza kwa kuhesabu mabawa. Tipula ana mawili, na nyuma yake kuna vifundo viwili vidogo juu ya vijiti vyembamba, vinavyomsaidia kujisawazisha anaporuka. Mning'iniaji ana manne yanayokaribiana kwa urefu na umbo, nayo ni membamba zaidi yanapokutana na mwili. Akiyakunja mgongoni hupangana na kuonekana mawili, kwa hiyo usiamini mtazamo wa kwanza. Piga picha uikuze kwenye simu.

Halafu mtazame usoni kwa ubavu. Mbu ana sindano inayotokeza mbele ya kichwa. Kwa mning'iniaji uso wenyewe ndio uliorefuka kuelekea chini: macho yako juu, kisha uso unashuka kwa muda, na taya ziko mwishoni kabisa. Ukishaiona sura hiyo mara moja hutaisahau.

Tatu, angalia anavyotua. Tipula anaweza kusimama ukutani kwa miguu yote sita. Mning'iniaji hawezi. Ukimweka juu ya meza bapa hajui la kufanya na miguu yake, lakini mpe kijiti, papo hapo anajishikiza na kuning'inia.

Mwenye lenzi ya mkono anaweza kumaliza ubishi kwa kutazama ncha ya mguu. Mbu na tipula wana kucha mbili kwenye kila mguu. Mning'iniaji ana ukucha mmoja.

Kwa nini aning'inie? Wadudu wengine si husimama tu?

Ni kwa sababu ya mguu huohuo, nao unastahili kutazamwa kwa karibu.

Mguu wa mdudu huishia kwenye tarso, sehemu iliyoundwa kwa vipande vidogo vilivyofuatana, kwa kawaida vitano. Kwa panzi au nyuki, kipande cha mwisho kina kucha mbili na mara nyingi kitu laini kama mto mdogo wa kulalia katikati, vinavyomwezesha kukanyaga na kung'ang'ania. Kwa mning'iniaji, kipande cha tano hukunjika kurudi juu ya kile cha nne kama kisu cha kukunja, na ule ukucha mmoja hufunga mwisho wake. Chochote kilichoingia katikati, kiwe unyasi au bawa la mbu, hubanwa.

Mguu wa namna hii hauna faida ya kukanyagia. Kwa kushika, hauna mfano. Miguu ya mbele inapobana tawi, inakuwa kamba ya kuning'inizia mwili mzima, na miguu ya nyuma, yenye muundo uleule, inabaki huru kuwa mtego. Kifaa kimoja kimegawiwa kazi mbili kulingana na mahali kilipo mwilini. Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa familia nzima aanzie hapa, wala si kwenye mabawa, ingawa vitabu hupenda kuanza na mabawa.

Anawinda vipi?

Kuna wanaoning'inia kimya mpaka kitu kipite karibu ya kutosha, ndipo miguu ya nyuma inanyakua. Kuna wengine wanaopita polepole katikati ya mimea na kunyakua windo lililotua au linaloruka. Hata hao, wakishapata, hutafuta mahali pa kuning'inia ndipo wale.

Windo likishanaswa, huinuliwa kwa miguu hadi mdomoni. Sasa faida ya ule uso mrefu inaonekana: taya nyembamba za mwishoni hutoboa mahali palipo laini, kama kwenye shingo au katikati ya vipande vya tumbo, na uso unaingia ndani. Mate humiminwa, nyama ya ndani inalainika, naye anafyonza. Mara nyingine huligeuza windo na kutoboa upande wa pili. Akimaliza anadondosha ganda tupu, ambalo kwa mbali ungedhani bado ni mdudu mzima.

Anakula wadudu gani? Je, anaweza kutumaliza mbu?

Anapenda wenye mwili laini: nzi wadogo, mbu, tipula, vidukari, nondo wadogo, viwavi, na hata buibui. Mende wenye ganda gumu hawamfai sana.

Kuhusu mbu, ni kweli huwala, ila usiache kutumia chandarua. Mning'iniaji haishi kwa wingi wa kupunguza mbu wa mtaa mzima, tena huonekana kwa msimu. Kila anapotajwa mdudu anayekula wadudu wengine, mtu huuliza kama anaweza kufugwa na kuuzwa kwa wakulima. Huyu hapana. Anahitaji mimea ya kuning'inia, udongo wenye majani yaliyooza kwa ajili ya watoto wake, na windo hai kila siku. Shambani ni mgeni mwema: haguzi mahindi, hali chai, hatoboi matunda. Hiyo inatosha.

Ni kweli kwamba dume humpelekea jike chakula kabla ya kujamiiana?

Ni kweli, na hili ndilo lililoifanya familia hii ijulikane duniani. Utafiti uliotajwa sana ni wa Mmarekani Randy Thornhill, ambaye katika miaka ya 1970 aliwafuatilia nzi waning'iniaji wa spishi ya Hylobittacus apicalis huko Marekani, wale wenye ncha nyeusi kwenye mabawa.

Mambo huenda hivi. Dume hukamata mdudu, huning'inia na kumwonja. Akiwa mdogo mno au hana maana, humtupa au humla mwenyewe, kisha huenda kutafuta mwingine. Akipata windo la kuridhisha, huanza kuruka safari fupifupi kati ya mimea huku akiwa amelibeba, na kila akitua hutoa harufu kutoka kwenye vifuko vilivyo mgongoni mwa tumbo lake, karibu na mwisho. Hiyo ni feromoni, tangazo kwa majike waliomo kwenye hiyo mimea. Jike akija, dume humwelekezea windo bila kuliachia. Jike anaanza kula, na wakati huohuo kujamiiana kunaanza.

Kinachofuata ni hesabu kali kweli. Ndani ya dakika tano hivi za mwanzo, manii hayajaanza kupita. Windo likiwa dogo au lenye ladha mbaya, jike hulimaliza au hulikataa, anajichomoa na kwenda zake, na dume anakuwa amehangaika bure. Windo likiwa kubwa, jike anaendelea kula na manii yanaendelea kupita, hadi kufikia dakika ishirini hivi. Hapo mara nyingi dume ndiye anayekatisha shughuli. Ameshapitisha manii ya kutosha, na kuendelea hakumwongezei chochote. Hulivuta windo lake lirudi, na wakati mwingine wawili hao huling'ang'ania. Likiwa bado lina kitu ndani, dume huenda kulitumia kwa jike mwingine au hulila.

Jike aliyeshiba, kwa upande wake, hapokei dume mwingine kwa saa kadhaa, na katika muda huo hutaga mayai machache. Faida yake iko wazi. Katika spishi hii majike huwinda kwa nadra sana, hutegemea chakula cha madume. Kuwinda kunataka kuruka sana, na anayeruka sana ndiye anayenasa kwenye utando wa buibui. Thornhill aliona kwamba madume ndiyo yaliyokuwa yakinaswa zaidi.

Hakuna wanaodanganya?

Wapo, tena kwa ustadi. Dume asiye na windo anaweza kumwendea dume mwenzake aliyebeba windo na kujifanya jike: anashusha mabawa, anakaa mkao wa jike, anasogea pale chakula kilipo. Mwenye windo akidanganyika, hulielekeza windo kwake. Mgeni analishika, na wakati mwenzake anatafuta sehemu ya kujamiiana, yeye ananyakua na kuruka. Ameokoa muda wa kuwinda, na ameepuka tando za buibui. Wengine hawajisumbui na maigizo, hurukia na kupora tu.

Wanafunzi hufurahia sana sehemu hii. Lakini ukitafakari, wizi huu unawezekana kwa sababu moja tu: windo liko nje, miguuni, linaonekana na linashikika.

Na hao wa kwetu hufanya vivyo hivyo?

Kutoa windo kumeonekana katika spishi nyingi za familia hii, zikiwemo za jenasi ya Bittacus, ambayo ndiyo tuliyo nayo Kenya. Tabia hutofautiana katika mambo madogo: muda wa kujamiiana, nani anabaki na mabaki, kama jike naye huwinda kwa bidii. Dakika nilizotaja hapo juu ni za Hylobittacus wa Marekani, kwa hiyo usizihamishie Kakamega bila kutazama. Mwanafunzi anayetafuta mada ya mradi, mwenye subira na saa ya mkononi, ana kazi ya kutosha hapa bila kuhitaji maabara.

Mayai na watoto wake wako wapi? Mbona hatuwaoni?

Kwa sababu wako chini, na kwa sababu wanajificha vizuri.

Jike hatafuti mahali maalumu pa kutagia. Huyaachia mayai akiwa ananing'inia hewani, nayo hudondoka kwenye nyasi na majani makavu. Mayai ya Bittacus yana umbo la mchemraba lenye pande zilizobonyea, tofauti na ya wadudu wengi.

Lava anayetoka anafanana na kiwavi: ana miguu mitatu ya kweli kila upande mbele, na jozi nane za miguu ya bandia tumboni. Anatambaa juu ya udongo akila wadudu waliokufa. Yaani mtoto hula mizoga, mzazi hula wazima. Mgongoni ana vijipembe na vinywele, na ana desturi ya ajabu: humeza udongo, kisha huinua mwisho wa mwili na kujinyunyizia udongo huo mgongoni kupitia sehemu ya haja. Vijipembe hushika udongo, na lava anageuka kuwa tonge la udongo linalotembea. Unaweza kufukua majani chini ya mti asubuhi nzima na usimwone.

Kitu kingine kinachowashangaza wataalamu ni macho yake. Viwavi vya vipepeo na mabuu ya nyuki hawana macho ya vipande vingi kama ya mdudu mzima, lakini lava wa oda hii wanayo, ingawa vipande ni vichache.

Lava hujivua ngozi mara kadhaa, huingia udongoni na kuwa pupa, kisha mdudu mzima hutoka. Akishapata mabawa huishi wiki chache tu.

Kuna aina ngapi duniani, na zinatofautianaje?

Familia ya Bittacidae ina spishi zaidi ya 200, na zaidi ya nusu ni za jenasi moja, Bittacus, inayopatikana karibu kila bara. Kwa wingi wa spishi ni ya pili katika oda ya Mecoptera, nyuma ya familia ya nzi-nge, jamaa zake ambao dume ana mkia kama wa nge.

Ukitazama kwa haraka utasema wote ni sawa: miguu mirefu, rangi ya nyasi kavu. Lakini kazi hiyohiyo ya kuning'inia na kunyakua imefanywa kwa namna nyingi. Huko Australia kuna Harpobittacus, wenye rangi nyeusi na nyekundu au ya machungwa, wanaowinda mchana kweupe kwenye maua bila kujificha. Hylobittacus wa Marekani huning'inia akiwa ametandaza mabawa pande zote mbili, ilhali wengi hukunja yao mgongoni. Kuna wanaotoka usiku na kufuata taa.

Wanaonivutia mimi ni wale waliopoteza mabawa kabisa. Apterobittacus apterus anaishi kwenye nyasi za California, na Anomalobittacus gracilipes anaishi kwenye vichaka vifupi vya kusini magharibi mwa Afrika Kusini. Hawaruki, hupita kutoka unyasi hadi unyasi kwa kubembea kwa miguu yao mirefu, na bado wanawinda. Hawa wanaishi mbali sana, kila mmoja na bahari yake. Mdudu mwingine mwindaji akinyimwa mabawa angeshindwa kujilisha, lakini hawa walikuwa tayari na mguu unaoshika. Penye nyasi zilizosongamana, bawa si lazima.

Kenya wapo kweli?

Wapo. Tena hapa Afrika kusini ya Sahara jambo hili ni rahisi kuliko kwingine, kwa sababu katika oda nzima ya Mecoptera ni familia hii pekee inayopatikana. Nzi-nge, wale ambao dume ana mkia uliojikunja juu kama wa nge, wamejaa Ulaya, Asia na Marekani, lakini huku hawapo. Ukiona Mecoptera Kenya, ni mning'iniaji.

Ukimwona kwenye mtandao mtu amesema amepiga picha ya nzi-nge Nakuru, muulize picha ilipigwa wapi hasa.

Nimtafute wapi? Naishi Kisumu, rafiki yangu yuko Nakuru.

Tafuta mahali penye nyasi ndefu au vichaka vyenye kivuli cha wastani, unyevu, na wadudu wadogo wengi. Ukingo wa msitu ni bora kuliko katikati ya msitu mzito. Msitu wa Kakamega unajulikana kama kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo, na njia zake za Isecheno na Buyangu zina kingo nyingi ambako msitu hukutana na nyasi. Tembea polepole, inama, tazama chini ya majani kwenye kimo cha goti hadi kiuno. Wengi hutazama juu, kwenye nyani na ndege, wakapita mbele ya kitu hiki mara kumi.

Kwa Kisumu mjini, jaribu nyasi zilizo nje ya mafunjo ya Dunga, au bustani yoyote ambayo haijafyekwa. Karibu na ziwa kuna chakula tele: wale nzi wadogo wanaopanda kutoka Ziwa Victoria kama moshi na kujaa kwenye taa na madirisha ni laini na hawana pa kujitetea. Palipo na windo kama hilo na nyasi za kuning'inia, inafaa kutazama.

Nakuru ni juu zaidi na kavu zaidi, kwa hiyo msimu una maana kubwa huko. Nyasi za miteremko ya Menengai baada ya mvua, kingo za misitu ya Mau kuelekea Njoro, na vichaka vya Subukia ni pa kuanzia.

Wakati gani wa mwaka na wa siku?

Mvua ikishakolea, nyasi zikiwa zimerefuka. Magharibi ina bahati, kwa kuwa mvua ndefu huanza Machi na nyingine hurudi kuanzia Agosti. Jioni na usiku wa mapema ni saa nzuri. Asubuhi, kabla jua halijawaka, huwa wazito na ni rahisi kuwapiga picha.

Njia nyepesi: washa taa nyeupe nje, tundika shuka jeupe ukutani, kaa na chai. Wengi watakaokuja ni nondo na kumbikumbi. Mning'iniaji hatatua katikati ya shuka. Mtafute kwenye pindo, au kwenye mmea ulio kando, ameshajishikiza.

Naruhusiwa kumkamata?

Kwenye uwanja wako, kumtazama na kumwachia hakuna tatizo. Ndani ya hifadhi na mbuga, kama Ziwa Nakuru au upande wa Buyangu unaosimamiwa na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), usikusanye chochote bila kibali. Utafiti rasmi unahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Picha haihitaji hayo yote, na kwa watu wengi inatosha.

Nipige picha ya namna gani ili mtaalamu aweze kumtambua?

Moja ya ubavu mzima, inayoonyesha uso. Moja ya mabawa, kwa sababu mishipa na madoa yake hutumika kutenganisha spishi. Na hasa moja ya mwisho wa tumbo la dume: viungo vya uzazi vya dume ndivyo vinavyotofautisha spishi nyingi, na bila hivyo jibu litaishia "Bittacus, spishi haijulikani". Andika tarehe, mahali, kimo cha mmea, na kama alikuwa na windo. Pakia iNaturalist, tovuti ya kuweka na kutambua picha za viumbe. Ukipata aliyekufa akiwa mzima, mweke kwenye spiriti, si kwenye pini, maana akikauka miguu huvunjika. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi, ina mkusanyo wa wadudu ambako vielelezo vyenye maelezo kamili vina thamani.

Ni kweli ana undugu na kiroboto?

Ndiyo. Kwa miaka mingi ilijulikana kuwa viroboto wako karibu na oda ya Mecoptera, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 uliwaweka ndani yake kabisa. Si wote waliokubali, lakini ukaribu wenyewe haubishaniwi. Kiroboto wa mbwa wako na mning'iniaji wa Kakamega wana babu mmoja wa kale.

Ukoo wao ni wa zamani kiasi gani?

Wa zamani sana. Mecoptera walikuwepo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya ndege na kabla ya maua. Mwaka 2012 watafiti walieleza kisukuku kutoka kaskazini mwa China, chenye umri wa miaka milioni 165 hivi, cha jamaa wa karibu wa familia hii. Walimwita Juracimbrophlebia ginkgofolia, kwa sababu mabawa na mwili wake vilifanana na jani la mti wa ginkgo wa enzi hizo. Kuning'inia kwenye mti huku umejifanya jani ni ujanja wa kale.

Nani humla yeye?

Buibui kwanza, kama tulivyoona. Kisha ndege, popo na vinyonga. Na vunjajungu, ambaye naye hunyakua kwa miguu, ila ya mbele.

Nimemkuta bafuni. Nifanyeje?

Usimpige, na usimfukuze kwa taulo, atapoteza miguu. Zima taa, leta kijiti au bua la nyasi, usogeze mbele ya miguu yake ya mbele. Atashika mwenyewe. Mtoe nje polepole, chomeka kijiti kwenye ua wa michongoma au kichaka chochote, na uzime taa ya nje asije akarudi.